Makofi na Maradhi: Mtoto Katika Sanaa za Maonyesho

Tunapofundisha uhakiki shuleni, humwambia mwanafunzi aanze na fani, aende kwenye maudhui, kisha apime jinsi viwili hivyo vinavyooana. Humwelekeza amchunguze mtunzi, wahusika na mandhari. Hadhira huitajwa mwishoni, kwa sentensi moja au mbili, kana kwamba kazi yake ni kukaa na kupokea tu. Katika sanaa za maonyesho mazoea hayo yana kasoro. Ngoma, kwaya, ngonjera na tamthilia hazikamiliki mpaka wawepo watu wa kuzitazama, na hao wanaotazama hushiriki kuamua ni nini kitakachochezwa tena kesho. Makofi ni hukumu. Ni hukumu fupi na isiyoandikwa, lakini msanii huisikia kabla hajasoma hakiki yoyote.

Hukumu hiyo huwa nzito zaidi msanii anapokuwa mtoto. Mtu mzima aliyechoka anaweza kukataa mwaliko, kudai malipo, au kuondoka jukwaani kwa hasira. Mtoto hana silaha hizo. Yeye husikiliza sauti ya mwalimu, sauti ya mzazi na sauti ya makofi, na zote tatu zikimwambia aendelee, huendelea. Katika makala haya nakusudia kuihakiki hadhira, yaani sisi wenyewe, kwa kutazama hali moja mahususi: hali ya mtoto anayeigiza, kuimba au kucheza ilhali mwili wake una ugonjwa mkubwa. Hoja yangu ni kwamba mbele ya mtoto huyo tunakosea mara mbili. Kabla ugonjwa haujajulikana, tunakistaajabia kipaji mpaka tunamsahau mtoto. Ugonjwa ukishajulikana, tunamhurumia mtoto mpaka tunamsahau msanii.

Naandika kutoka Sumbawanga, na ni vema msomaji apafahamu mahali penyewe. Nyanda za juu za Ufipa zimeinuka kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Mji wetu uko kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa Juni na Julai upepo wa nyanda hizi hupenya nguo, na asubuhi watu hutoka nje wamejitanda mablanketi. Na ni katika majira hayo ya katikati ya mwaka ndipo aghalabu shule zetu hushindana kwa michezo, kwaya na ngoma. Watoto wa Laela, Namanyere, Matai na mjini hupanda malori na mabasi, wakashuka uwanjani na njuga zao, wakavaa vazi la ngoma ambalo limetengenezwa kwa ajili ya kupendeza na wala si kwa ajili ya baridi. Kisha hucheza, nasi hupiga makofi.

Desturi ya kumpandisha mtoto jukwaani mbele ya umma ina historia ndefu katika taifa letu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ngonjera, ambazo marehemu Mathias Mnyampala alikuwa mstari wa mbele kuzikuza, ziliingia katika kila shule. Wanafunzi walijibizana kwa beti juu ya kazi, elimu na umoja mbele ya wazazi na viongozi. Baadaye tuliona halaiki, mamia ya watoto wakiunda maumbo na maandishi kwa miili yao katika viwanja vya sherehe. Mimi mwenyewe ni zao la malezi hayo. Nilijifunza mizani na vina kwa kusimama mstarini, nikiwa na umri wa miaka minane, nikisubiri zamu yangu ya kutoa ubeti. Sidharau hata kidogo malezi yaliyonipa lugha. Lakini nakumbuka pia kwamba katika mstari ule palikuwa na sheria moja isiyoandikwa: mtoto akiona kizunguzungu, avumilie. Aliyeanguka alibebwa pembeni upesi, mstari ukazibwa, na ubeti uliofuata ukatolewa kwa sauti kubwa zaidi ili wageni wasitambue.

Tumelelewa kwa methali kwamba mvumilivu hula mbivu. Ni methali njema kwa mkulima anayesubiri mavuno. Kwa mtoto mgonjwa, wahenga walituachia nyingine ambayo hatuitumii vya kutosha viwanjani: mficha maradhi, kifo humuumbua. Na kuna ya tatu, ambayo ni uhakiki kamili wa sanaa zetu za maonyesho kwa maneno manne: ngoma ikivuma sana hupasuka.

Hapa inanipasa kukiri kosa langu. Miaka zaidi ya kumi na mitano iliyopita, nikiwa mtumishi katika shughuli za utamaduni, niliteuliwa kuwa mmoja wa waamuzi wa mashindano ya ngoma za shule za msingi. Kikundi kimoja kilicheza nsimba, ngoma ya Wafipa, kwa ustadi uliotunyamazisha. Aliyekiongoza alikuwa msichana wa miaka kumi au kumi na mmoja. Mabega yake yalisema kila kilichosemwa na ngoma. Katikati ya mchezo hatua zake zikaanza kuwa nzito, miguu ikaburuta, na mara mbili akachelewa kugeuka. Hakuacha kutabasamu. Nilichukua kalamu nikampunguzia alama, na kwenye nafasi ya maelezo nikaandika neno moja: "Kulegea." Kikundi chake kikakosa ushindi.

Siku chache baadaye nilipata habari kwamba mtoto yule alikuwa amelazwa. Alikuwa na ugonjwa wa selimundu, na nyumbani kwao walijua kwamba huugua miguu kila baridi inapozidi, ila hawakuwa wakijua jina la ugonjwa wenyewe. Alipona maumivu ya safari ile. Hakurudi tena kwenye kikundi. Nimelitafakari neno langu mara nyingi tangu siku ile. Kwa kipimo cha fani sikukosea, maana hatua zilikuwa zimelegea kweli. Nilichokosea ni kusoma mwili kama watu wanavyosoma maandishi yasiyo na mwandishi. Niliiona dosari katika ngoma, nisijiulize ilitoka wapi.

Selimundu ni neno lililoundwa vizuri. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni duara, hupinda zikafanana na mundu, zikakwama katika mishipa midogo na kuzuia damu kupita. Ndipo maumivu makali huja katika mifupa ya miguu, mikono, mgongo au kifua. Mtoto huurithi ugonjwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Hauambukizi, na wala haurushwi na mtu. Nchini Tanzania inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao kila mwaka, idadi inayoiweka nchi yetu miongoni mwa zile zenye mzigo mkubwa kabisa duniani. Mambo yanayochochea maumivu yanajulikana: baridi, kupungukiwa na maji mwilini, kuchoka kupita kiasi, na homa. Mwalimu atazame orodha hiyo, kisha aitazame siku ya mashindano katika nyanda za juu mwezi wa Juni. Ataona kwamba tunaweza kumkusanyia mtoto vichocheo vyote katika saa moja, tukamwita shujaa.

Kisa changu ni cha uwanja mdogo, na mtoto yule hakujulikana nje ya wilaya. Ili nisihukumu mambo makubwa kwa ushahidi wa mtu mmoja, nakwenda sasa kwenye kisa ambacho dunia nzima ilikiona, nacho kilitokea kwa majirani zetu wa Uganda.

Mwaka 2016 ilitolewa filamu iitwayo Queen of Katwe, yaani Malkia wa Katwe. Iliongozwa na Mira Nair, mwongozaji aliyeishi miaka mingi Kampala, ambaye huko alianzisha shule ya filamu kwa vijana wa Afrika Mashariki na kuipa jina la Kiswahili, Maisha. Filamu inasimulia habari ya kweli ya Phiona Mutesi, msichana wa mtaa wa mabanda wa Katwe aliyejifunza mchezo wa sataranji na kuiwakilisha nchi yake katika mashindano ya kimataifa. Wasanii wakubwa walikuwamo: Lupita Nyong'o alikuwa mama, na David Oyelowo alikuwa mwalimu Robert Katende. Lakini uzito wa kazi ile ulibebwa na watoto wa Uganda ambao wengi wao hawakuwa waigizaji kabla ya hapo. Madina Nalwanga, aliyeigiza Phiona, alipatikana katika kikundi cha ngoma. Na aliyeigiza Gloria, mtoto mdogo anayemfundisha Phiona sheria za mchezo, alikuwa Nikita Pearl Waligwa.

Tumwangalie kwanza kama msanii, kwa sababu hiyo ndiyo heshima ambayo aghalabu amenyimwa. Nafasi ya Gloria si kubwa kwa kuhesabu dakika, lakini katika muundo wa hadithi ni nguzo. Yeye ndiye anayemweleza Phiona kwamba kete ndogo kabisa, ile inayopangwa mstari wa mbele na kuliwa kwa urahisi, ikivuka ubao mzima huweza kugeuka malkia. Maelezo hayo ndiyo dhamira ya filamu nzima. Mwandishi wa filamu angaliweza kuyatia kinywani mwa mwalimu, nayo yangegeuka mahubiri. Ametiliwa mtoto, na ugumu wa kuigiza uko hapo: mtoto aseme jambo kubwa bila kujua kwamba ni kubwa. Nikita alilitekeleza kwa namna ambayo mwanafunzi wa sanaa za maonyesho anapaswa kuichunguza. Hasemi kama mtu anayetoa hekima. Anasema kama mtoto anayejua mchezo, anayejivuna kidogo kwa kuujua, na asiye na subira na mkubwa asiyeelewa upesi. Kwa kuwa hataki kutufundisha, tunafundishika. Huo ni ustadi, wala haupatikani kwa sura nzuri peke yake. Mtoto anayekariri maneno huwaangalia watu wazima ili ajue kama amepatia; Gloria wa Nikita anautazama ubao.

Mwaka ule ule ambao filamu ilitoka, Nikita aligunduliwa kuwa na uvimbe katika ubongo. Vifaa vilivyohitajika kwa matibabu yake havikuwapo Uganda, na Mira Nair aliwahamasisha watu wakachanga fedha, mtoto akapelekwa kutibiwa India. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba amepona. Akarudi kwenye masomo, akawa mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Gayaza. Mwaka 2019 uvimbe mwingine ulionekana. Alifariki Kampala tarehe 15 Februari 2020, akiwa na umri wa miaka 15.

Habari zilipotoka, karibu kila mahali aliitwa nyota wa filamu aliyefariki. Rambirambi nyingi zilikuwa za dhati. Lakini aliyetaka kusoma jinsi alivyoigiza, ni nini alichokileta katika nafasi ile ambacho mtoto mwingine asingekileta, alipata kidogo sana. Tulikuwa tumekwisha kumgeuza kisa cha huzuni. Hata mimi, nikiwa mtunzi wa mashairi, nilianza usiku ule kutunga utenzi wa maombolezo juu ya kete ndogo ambayo haikufika mwisho wa ubao. Beti tatu zilikuja bila taabu, na wepesi huo ndio ulionitia shaka. Nikajiuliza: ni nani aliyesema kwamba maisha ya mtoto huyu ni mfano wa mchezo wa sataranji? Filamu ndiyo iliyosema hivyo, juu ya Phiona, na kwa kinywa cha Gloria. Nikita alikuwa mtu wa tatu, binti wa watu, mwenye daftari zake na rafiki zake. Mwishoni mwa filamu ile waigizaji wanaonekana wakisimama pamoja na watu halisi waliowaigiza, bega kwa bega, ili mtazamaji asiwachanganye. Mimi nilikuwa nimewachanganya. Nikauchana utenzi.

Mwanafunzi anayesoma uhakiki na aone hapa hatari ya sitiari. Sitiari inapomfaa mtunzi kuliko inavyomfaa mtu anayetajwa, huwa ni namna ya kuchukua mali ya mwenzako. Mtoto aliyekufa hawezi kukataa kufananishwa.

Makosa haya mawili si ya Waafrika peke yao, wala si ya zama hizi peke yake. Katika karne ya 18, Leopold Mozart wa Salzburg aliwatembeza watoto wake wawili, Wolfgang na dada yake Maria Anna aliyeitwa Nannerl, katika miji na majumba ya wafalme ya Ulaya wakipiga vinanda. Safari yao kubwa ilianza mwaka 1763 na kwisha mwaka 1766. Mwaka 1765, mjini The Hague, Nannerl alishikwa na homa kali ya matumbo, akapewa sakramenti za mwisho. Alipopata nafuu, mdogo wake, aliyekuwa bado hajatimiza miaka kumi, akaugua vivyo hivyo kwa majuma kadhaa. Walipopona, maonyesho yakaendelea. Mwaka 1767 wote wawili waliugua ndui. Vitabu vya historia ya muziki husimulia kwa furaha jinsi hadhira za siku zile zilivyostaajabu. Barua za baba yao zinatuonyesha kwamba aliwapenda watoto na aliogopa kuwapoteza, naye huyo huyo alikuwa akihesabu mapato. Sisemi hivi ili kumtukana mzazi aliyekwisha kufa zaidi ya miaka mia mbili. Nasema ili tuone kwamba upendo peke yake haumlindi mtoto, ikiwa utaratibu wa maonyesho hauna mahali pa kumpumzisha.

Utaratibu wenye mahali pa kumpumzisha hatuna haja ya kuutafuta mbali, maana tulikuwa nao. Tuangalie ngoma ya kijijini kabla haijapelekwa uwanjani. Watu hucheza katika duara. Anayechoka hutoka, akanywa maji, akaketi na wazee. Akitaka hurudi, asipotaka hapana anayemwuliza. Duara halivunjiki kwa sababu halikujengwa juu ya mtu mmoja. Tuangalie pia masimulizi ya kando ya moto. Sanaa ya masimulizi ya Wafipa ina kina kiasi kwamba mtaalamu Roy Willis, aliyefanya utafiti huku katika miaka ya 1960, aliiandikia kitabu kizima kilichotoka mwaka 1978. Katika utoto wangu mtoto aliruhusiwa kusimulia hadithi mbele ya wakubwa. Akisahau alikumbushwa, na akisinzia bibi aliimalizia hadithi. Hapana aliyesema mtoto ameshindwa. Hadithi ilikuwa ya wote, naye alikuwa ameibeba kipande cha njia.

Tulipoipeleka ngoma kwenye mashindano tulipata mambo mengi mema: ngoma za makabila zikajulikana kwa taifa zima, na watoto wakasafiri na kujuana. Lakini tulibadili fani bila kutambua. Duara likawa mstari unaowatazama waamuzi. Muda ukapimwa kwa dakika. Idadi ya wachezaji ikafungwa, na anayetoka akawa pengo linalopunguziwa alama. Hivyo uvumilivu wa mtoto uliingizwa katika kanuni za sanaa yenyewe. Ninapowasikia waamuzi wenzangu wakisema kwamba mambo ya afya ni ya daktari na si ya mhakiki, nawajibu kwamba sisi ndio tulioandika kanuni, na kanuni ni sehemu ya fani.

Pendekezo langu la kwanza ni jepesi. Katika ngoma na kwaya za watoto, mchezaji kutoka na mwingine kuingia kusihesabiwe kosa. Kuhesabiwe ustadi, kikundi kikiweza kuziba nafasi bila ngoma kulala. Kikundi kinachoweza kufanya hivyo kimefundishwa vizuri kuliko kile kinachomtegemea mtoto mmoja wa ajabu. Hiyo ndiyo fani ya asili, nasi tutakuwa tumeirudisha ngoma kwao.

Pendekezo la pili linawahusu walimu wanaofundisha vikundi. Mwalimu wa ngoma huutazama mwili wa mtoto kwa makini kuliko mtu mwingine yeyote shuleni. Huona hatua inayochelewa, mkono unaotetemeka, pumzi inayokatika. Macho hayo yana thamani nje ya sanaa. Mtoto aliyekuwa akisimama imara, sasa anayumba anapogeuka, anaumwa kichwa mara kwa mara hasa asubuhi, anatapika bila homa, au anaona vitu viwili viwili, asiambiwe kwamba amekuwa mzembe. Huenda dalili hizo zikawa za jambo dogo. Lakini uvimbe wa ubongo kwa watoto hujitokeza kwa njia hiyo, na daktari ndiye wa kuamua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watoto na vijana wapatao 400,000 duniani hupata saratani. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 yao hupona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hupona chini ya asilimia 30. Miongoni mwa sababu za tofauti hiyo ni ugonjwa kutotambuliwa mapema, na matibabu kuwa mbali. Sisi wa Rukwa tunaujua umbali. Kutoka Sumbawanga hadi hospitali ya rufaa ya kanda, Mbeya, ni zaidi ya kilomita 300. Hadi Muhimbili, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 1,000. Mwalimu hawezi kuupunguza umbali huo. Anaweza kupunguza majuma yanayopotea kabla safari haijaanza.

Majuma hayo aghalabu hupotea katika uvumi. Mtoto anayesifiwa uwanjani akiugua, baadhi ya watu husema kaonewa wivu na kikundi cha shule nyingine. Wenyeji wanaeleza kwamba jina la mji wetu, Sumbawanga, maana yake ni tupa uchawi: anayeingia aache nje alichokuja nacho. Lingekuwa jambo la fahari kama jina hilo lingeandikwa pia juu ya lango la uwanja wa ngoma. Wivu haupindi chembe za damu, na makofi hayaoti uvimbe kichwani.

Pendekezo la tatu ni la wahakiki na wanafunzi wanaoandika juu ya msanii mtoto aliyeugua, aliyepona au aliyefariki. Waanze na kazi yake. Waeleze alifanya nini kwa sauti, kwa macho na kwa mwili, na kwa nini kilifaa. Ugonjwa wautaje pale unapohusika, kwa maneno ya kawaida, pasipo kuufanya pambo. Wasimwite malaika. Mtoto aliyejitahidi kujifunza kazi ngumu angependa zaidi kusikia kwamba aliipatia. Naamini kwamba mtu akimtazama Nikita Pearl Waligwa akiusogelea ubao ule, na kwa dakika chache akasahau kabisa habari za kifo chake kwa sababu ya jinsi anavyoigiza, atakuwa amempa heshima yake.

Na yule msichana wa nsimba? Nilikutana naye miaka michache iliyopita sokoni, mtu mzima, mwenye biashara ya maharage. Nilimwamkia, nikamweleza mimi ni nani na niliandika nini siku ile. Alicheka. Akasema hakuwahi kuiona karatasi ya alama. Alichokikumbuka ni kwamba watu walipiga makofi sana, ndiyo maana hakuweza kutoka. Nilikuwa nimekuja kuomba radhi kwa ajili ya kalamu yangu. Sikuwa nimefikiri kwamba ningeombea radhi viganja vyangu pia.

Nilipofika nyumbani nilitunga ubeti mmoja, nao nimewagawia walimu wa vikundi vya ngoma ninaokutana nao. Sina lawama kwa atakayeutunga upya vizuri zaidi:

Jukwaa lenye huruma, lina mlango wa nyuma,
Mtoto akilalama, apite bila lawama,
Na akirudi salama, pengo linamtazama,
Ngoma isiyo hekima, si ngoma bali ni homa.

Mwaka huu pia, baridi itakapoingia, watoto wa Ufipa watashuka tena kutoka kwenye malori na njuga zao. Tutakwenda kuwatazama, kwa kuwa wanacheza vizuri na kwa kuwa ngoma ni yetu. Mwalimu na abebe maji ya kunywa na mablanketi, mwamuzi na asome mwili kabla hajashika kalamu, na sisi wengine tuwapigie makofi wanaocheza na yule anayetoka kupumzika.